Picha Iliyosema Amevuna

Kitu cha kwanza ambacho mgeni yeyote angekiona kwa Ednah Ruguru ni jinsi alivyosimama. Uso wake ungefuata baadaye, pamoja na kitambaa cha manjano alichojifunga kichwani kila siku isipokuwa Jumapili. Alisimama kwenye kona ya shamba lake, kando ya kigingi, visigino vimegusana na mgongo umenyooka kama mtoto wa shule kwenye gwaride la asubuhi. Simu aliishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba kifaranga. Mbele yake hapakuwa na mmea hata mmoja. Palikuwa na vishina vya mahindi tu, vifupi na vyembamba, vimepangwa kwa mistari hadi kwenye mti wa mukima uliokuwa mpakani, na kila kishina kilizungukwa na duara la majivu.

Majivu hayo ndiyo yaliyowachekesha wapita njia.

"Mama Mutugi, unalipaka shamba poda?" jirani yake Gladwell aliuliza siku moja akipita na mzigo wa kuni. "Linaenda arusi wapi?"

"Ni mchwa, Gladwell. Wanakula ushahidi wangu."

"Ushahidi! Basi na mbuzi wangu nitawaambia wasije mahakamani."

Ruguru alitabasamu kidogo kwa adabu. Kisha akainama na kuongeza majivu pale ambapo upepo ulikuwa umeyapeperusha.

Shamba hilo liko chini ya Runyenjes, pale kahawa inapokwisha na mteremko unashuka kuelekea Ishiara, ambako udongo mwekundu unachanganyika na changarawe na mvua huja ikitaka. Mumewe, Nthiga, alipofariki alimwachia shamba kwa maneno tu. Hati ilikuwa bado kwa jina la baba mkwe, aliyekufa zamani bila kugawa. Kwa hiyo benki haikumjua Ruguru. Miradi ya serikali ilipokuja na mbolea iliwauliza watu hati, naye akarudi nyumbani na mikono mitupu. Alilima, alivuna au alikosa, na hakuna ofisi popote duniani iliyojua kwamba yupo.

Wa kwanza kumjua alikuwa Karimi. Karimi alikuwa msichana aliyesomea kilimo chuoni, sasa anakaa kwenye kona ya duka moja la pembejeo mjini Runyenjes akiwaandikisha wakulima wadogo katika bima ya mazao. Bima yenyewe ilikuja pamoja na mfuko wa mbegu. Mkulima alitakiwa kupiga picha ya shamba lake kila wiki kwa simu, akiwa amesimama mahali pale pale. Mazao yakiharibika, kampuni ingemtumia nambari ya siri, naye angeenda nayo dukani kuchukua mbegu na mbolea za msimu unaofuata.

"Hatuulizi hati, mama," Karimi alimwambia siku ile ya kwanza. "Tunauliza shamba liko wapi na unapanda nini. Basi."

"Basi?"

"Basi."

"Na hizo picha zinaangaliwa na nani?"

"Kompyuta, iko Nairobi. Inaangalia rangi ya mimea."

"Inajua mahindi, hiyo?"

"Imefundishwa, mama."

"Kumbe hata hiyo imeenda shule," Ruguru akasema, na watu wote dukani wakacheka, hata waendesha boda boda waliokuwa wakishusha mifuko ya mbolea mlangoni.

Karimi alikuja mwenyewe kupigilia kigingi cha kuonyesha mahali pa kusimama. Alimwonyesha Ruguru jinsi kivuli cha picha ya kwanza kinavyotokea kwenye kioo cha simu, ili ailinganishe kila mara: mukima juu ya mukima, kilima juu ya kilima. Vikilingana, duara dogo linakuwa kijani na picha inakubali kupigwa. Simu alikuwa ametumiwa na Mutugi, mwanawe wa pekee anayefunga miraa kule Laare. Ilikuwa imetumika, na kioo chake kilikuwa na ufa pembeni, lakini kwa Ruguru ilikuwa dirisha. Alipoituma picha ya kwanza alikaa chini karibu na kigingi kwa muda. Alihisi kwamba kwa mara ya kwanza kuna mtu upande wa pili.

Mvua ya Machi ilianza vizuri, mahindi yakafika kifuani. Mwezi wa Mei, yalipokuwa yametoa maua tu na kabla hayajabeba, mvua ikakatika. Majani yakajikunja, kisha yakakauka na kuwa na rangi ya khaki. Ruguru aliendelea kupiga picha. Alihuzunika, lakini hakuogopa kama miaka iliyopita.

"Safari hii kuna anayeona," alimwambia Gladwell.

Ruguru alikuwa na ng'ombe mmoja, tena mwenye mimba. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa zimekwisha, na ng'ombe yule alikuwa ameanza kutafuna kamba aliyofungiwa. Upande ule hakuna mtu anayeacha mahindi yaliyokufa yamesimama huku ng'ombe analia zizini. Hakuna anayekaa kulifikiria jambo hilo. Mahindi yakishindwa kuwa chakula cha watu, hukatwa upesi yawe chakula cha ng'ombe kabla jua halijanyonya utamu uliobaki kwenye mabua. Mama yake alifanya hivyo, na nyanya yake pia, na mtu ambaye angeacha kufanya hivyo angesemwa kanisani. Ruguru alichukua panga akakata shamba lote, akapanga mabua juu ya zizi. Kisha, kwa kuwa wiki ilikuwa imefika na yeye ni mtu wa kutimiza ahadi, akaenda kwenye kigingi, akalinganisha mukima juu ya mukima, akapiga picha ya shamba tupu na kuituma.

Kule Nairobi kompyuta iliona mahindi ya kijani, kisha mahindi makavu, kisha shamba tupu. Mahindi yaliyokufa na mahindi yaliyokomaa yana rangi moja.

Ujumbe uliingia Ruguru akiwa anachota maji kwenye pipa. Ulisema: Mkulima mpendwa, hongera kwa mavuno yako. Bima ya msimu huu imefungwa. Karibu tena msimu ujao.

Alidhani macho yake yanamdanganya. Akavuka kwenda kwa Gladwell na kumpa simu amsomee.

"Ati hongera?" Gladwell alipaza sauti. "Wewe mama, umevuna lini? Umevuna peke yako bila kuita jirani? Haya, leta gunia moja tukasage!"

Halafu akauona uso wa Ruguru, akamrudishia simu na kumvutia kigoda.

Asubuhi iliyofuata Ruguru alipanda boda boda hadi Runyenjes. Karimi alisoma ujumbe ule, akafungua picha zote tangu Machi, akazipitisha moja moja kwa kidole. Ile ya mwisho alikaa nayo.

"Mama, ulikata?"

"Nilikata."

"Mbona hukunipigia kwanza?"

"Nikupigie nikuambie nini, mwanangu? Ng'ombe alikuwa anakula kamba."

Karimi akafunga macho kidogo. "Hata mamangu angekata," akasema. "Aki hata mimi ningekata. Hatukuwaambia mngoje kabla ya kukata. Hakuna aliyefikiri kuwaambia."

Alipiga simu Nairobi palepale. Aliongea na kijana mmoja wa ofisini aliyekuwa na adabu sana, na adabu yake ndiyo iliyokatisha tamaa, kwa sababu kila alichoombwa alikisikitikia. Shamba likishafungwa, mfumo haupokei picha nyingine. Karimi alikwenda shambani akapiga picha za vishina kwa karibu, kuonyesha jinsi vilivyokuwa vyembamba kama penseli, vishina vya mmea ambao haungeweza kubeba hindi. Mfumo ukazikataa: picha hazilingani na shamba. Akaandika barua pepe, akaandika nyingine. Mwishoni mwa Julai ofisi ikakubali jambo moja. Mkaguzi angetumwa aje aone kwa macho yake.

"Lakini wamesema usilime," Karimi alimweleza Ruguru. "Usichome, usipande hata kunde. Shamba lote linaloonekana kutoka kwenye kigingi libaki vile vile. Likiguswa, hawezi kuandika kitu."

"Atakuja lini?"

"Wamesema karibuni."

"Karibuni ya Nairobi au karibuni ya hapa?"

Karimi alijaribu kucheka, akashindwa.

Agosti ikapita. Mkaguzi alikuwa mmoja, na mashamba ya kukaguliwa yalikuwa mengi. Mara yuko upande wa Meru, mara gari limeharibika, mara amerudi Nairobi kwa mkutano. Karimi alipiga simu kila siku hadi wale wa ofisini wakaanza kuijua nambari yake na kuchelewa kuipokea. Mchwa wakaanza kupanda kwenye vishina. Ndipo Ruguru alipoanza kukusanya majivu, kwanza ya jikoni mwake, kisha akawa anapita kwa majirani na ndoo akiomba, kama watu wanavyoomba moto. Mchana alikaa chini ya mukima na fimbo kuwafukuza mbuzi.

Ng'ombe alizaa. Mabua yale makavu yalikuwa yamemfikisha, na ndama alikuwa mzima. Ruguru aliishi kwa maziwa hayo na viazi vikuu vichache vilivyobaki kando ya nyumba. Kila asubuhi alipokunywa chai alijua anakunywa mahindi yake, yale ambayo kompyuta ilisema yako ghalani. Mbegu hakuwa nazo hata kiganja. Zile alizokuwa ameziweka za akiba alizipika Agosti, akasimama kando ya sufuria akiziangalia zikitokota.

Septemba ilipokwisha, watu walianza kupanda kwenye vumbi. Mkulima wa huko akingoja mvua inyeshe kwanza, amechelewa. Mbegu hutangulia ardhini na kuisubiri. Mashamba yote ya mteremko yakapinduliwa, yakawa mekundu. La Ruguru likabaki katikati yake, kijivu, lenye vishina, kama kiraka.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba kanisa zima liliombea mvua. Mchungaji alipiga magoti, watu wakapiga magoti, kina mama wakalia kwa sauti. Ruguru naye alipiga magoti. Alifungua mdomo kusema pamoja na wengine, lakini maneno yaliyokuja moyoni yalikuwa mengine kabisa: Bwana, izuie kidogo. Mpaka aje. Alishtuka kujisikia. Kulikuwa na watoto wenye njaa kwenye benchi la mbele, na yeye alikuwa akimwomba Mungu afunge mbingu. Watu waliposema amina alikaa kimya, na njiani kurudi nyumbani hakutaka kuandamana na mtu.

Siku mbili baadaye shemeji yake akaja. Njeru, mdogo wa marehemu Nthiga, alikuwa na maksai wawili na maneno mengi. Alisimama mpakani, kamba mkononi.

"Mama Mutugi, bado unalinda makaburi?"

"Bado, Baba Koome."

"Watu wamepanda mbegu, wewe umepanda majivu. Yataota nini hayo?"

"Namngojea mtu wa bima."

"Huyo mtu ana sura? Umeshawahi kumwona? Mimi naona mawingu pale juu ya mlima. Mawingu nayajua."

"Karimi amesema anakuja."

"Karimi ni mtoto. Wamemtuma aje kutuuzia maneno kwenye simu, na wewe umeyanunua." Alitema mate pembeni. "Kesho nalima hapa."

Ruguru akasimama. "Ukilima, atakuta nini?"

"Atakuta shamba limelimwa. Ndivyo shamba linavyotakiwa kukutwa Oktoba."

"Na mbegu nitatoa wapi?"

"Mbegu ninazo mimi."

Ruguru alielewa. Alitaka alisikie likisemwa hata hivyo.

"Basi mahindi yatakuwa ya nani, Baba Koome?"

"Ya mwenye mbegu." Njeru hakumwangalia. "Usinitazame hivyo. Mimi pia nina watoto. Udongo wa baba hauwezi kulala msimu mzima kwa sababu ya simu."

Wote wawili walijua maana yake. Shamba ambalo hati yake bado ni ya marehemu ni la yule anayeonekana akililima. Njeru akipanda msimu huu atapalilia, atavuna, na msimu ujao atasema maksai wake wamelizoea. Hakuna ugomvi utakaozuka. Asubuhi moja Ruguru ataamka na kukuta amebaki na nyumba, zizi na njia ya kwenda barabarani.

"Nipe mpaka mvua," akasema.

"Mvua ni leo au kesho."

"Basi nipe hiyo leo na hiyo kesho. Tone la kwanza likianguka kabla hajafika, waingize maksai. Sitakuzuia."

Njeru alimtazama. Kulikuwa na haya usoni mwake, haya ya mtu ambaye angependa kushinda kwa njia nyingine.

"Tone la kwanza," akasema. "Na usije ukanililia."

Jioni hiyo, kabla jua halijatua, Karimi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa juu kama ya mtu anayekimbia. Mkaguzi alikuwa amefika mjini Embu. Anaitwa Murungi. Kesho angefika Runyenjes, na Karimi mwenyewe angemleta kwa boda boda.

"Mama, usiguse kitu!"

"Mwanangu, mimi nimegusa nini miezi yote hii isipokuwa majivu?"

Kulipokucha mlima haukuonekana. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ukanda wa majani chai na kushuka polepole. Ruguru alipitia kila mstari na ndoo ya mwisho ya majivu. Kisha akavaa kitambaa cheupe cha Jumapili, akaenda kusimama kwenye kigingi, visigino vimegusana. Gladwell alikuja na beseni la mbegu za pojo amelifunika kwa upande wa kanga, akakaa kwenye jiwe.

"Hizi ni zako," akasema bila kumwangalia. "Ni kidogo. Hata za mistari miwili hazitoshi. Lakini usiseme hukupewa."

Ruguru aliweka mkono begani mwa jirani yake akauacha hapo.

Kabla ya adhuhuri Njeru alifika. Maksai walikuwa tayari na nira shingoni, na plau imelala ubavu kwenye nyasi. Aliwasimamisha chini ya mukima, upande wake wa mpaka, akakaa. Hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Simu ikalia mkononi mwa Ruguru. Ilikuwa sauti ya Karimi ikikatikakatika katika upepo. "Tumetoka Runyenjes... mvua huku ni kubwa, mama... barabara inateleza... tunashuka..." Kisha ukimya. Alipojaribu kupiga, mtandao haukuwepo.

"Wanasemaje?" Gladwell akauliza.

"Wanashuka."

Wote wakageuka kutazama juu. Mvua ilikuwa inaonekana sasa, pazia la kijivu lililotanda kutoka mteremko hadi mteremko, likifunika kahawa, kisha mabati ya shule, kisha mikaratusi ya njia panda. Ilikuwa inashuka kwa barabara ile ile ambayo boda boda ilikuwa inashuka. Hewa ikapoa ghafla. Harufu ya vumbi lililolowa ikafika kabla ya maji, na kutoka mashamba ya jirani zikasikika sauti za watu wakishangilia, na mtu mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisa.

Njeru alisimama. Akanyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Kisha akaushusha na kupangusa kwenye suruali.

"Bado," akasema, kwa sauti ya chini.

Ruguru aliinua simu mbele ya kifua. Hakukuwa na haja ya picha, wala mfumo usingeipokea, lakini mikono ilikuwa imezoea. Kivuli cha picha ya kwanza hakikutokea tena kwenye kioo. Akalinganisha kwa macho tu, mukima juu ya mukima, maksai wawili chini yake, mistari ya vishina na maduara yake ya majivu. Upepo ukainua majivu ya mstari wa mbele yakamrukia miguuni.

Gladwell akainuka kwenye jiwe, beseni kifuani. "Nyamazeni," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. "Hiyo si pikipiki?"

Wakasikiliza wote watatu, hata Njeru, shingo ameinyoosha kuelekea barabarani. Kulikuwa na mlio mbali, nyuma ya mikaratusi, mlio mmoja mzito usiokatika, na hakuna aliyeweza kujua kama ni injini au ni mvua juu ya mabati. Mlio ukakua.